Magari ya Baba Yanauzwa Naye Yuko Hai

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na mwandiko univumilie, shule niliiacha mapema. Baba yangu maisha yake yote amekusanya magari ya mbio ya Kitaliano ya zamani, yako manne gerejini nyuma ya nyumba, aliyanunua mabovu akayafufua mwenyewe, na tangu apooze upande mmoja mimi ndiye nayawasha kila Jumamosi, moja moja, yeye kalala dirisha wazi anasikiliza, nikiingia ananiambia lile jekundu linakohoa, kabureta hiyo, nikifungua kweli nakuta uchafu, sasa kaka zangu wawili wamemleta mnunuzi, dirisha la baba wamelifunga eti baridi, nikamwambia kaka mkubwa baba hajui, akasema, "Mwambie yamekwenda kupakwa rangi," nikasema baba hajafa, akacheka, "Leo bubu kasema. Pangusa vioo, bwana mdogo, biashara tuachie," nikapangusa, mbele za watu ulimi wangu mzito, ila mnunuzi alipotaka kusikia injini hakuna iliyowaka, kwa sababu kila gari nilishalichomoa kile kidude kinachogawa moto kwenye plagi, ninavyo mfukoni, baba akaniuliza mbona leo kimya, nikamwambia betri, sasa mnunuzi anarudi na fundi wake, mama anasema niwatii wakubwa zangu, mimi sirudishi hata wanifukuze, je nakosea?

Kitinda Mimba

Mdogo wangu,

Kaka zako wanagawana shuka na mgonjwa bado kajifunika. Hapo niko upande wako, na mama yako mwambie ukubwa si ruhusa ya kuuza cha mtu.

Lakini na wewe usijione malaika. Wao wametunga rangi, wewe umetunga betri, tofauti iko wapi? Mzee kapooza upande, hajapooza akili. Anayesikia uchafu wa kabureta kutoka kitandani atashindwa kusikia kwamba mali yake inauzwa? Nyote watatu mmeshamzika.

Na jiandae, huenda akasema uzeni. Akisema hivyo, vidude virudishe siku hiyo hiyo, bila kununa, magari ni yake si yako. Akikataa, simama mlango wa gereji, wakutukane mpaka wachoke, usisogee.

Hotuba sikuombi. Kesho kaka zako wakikaa kula, mlete baba mezani, weka vile vidude mbele yake, useme: "Baba, hawa wanauza magari yako, mimi ndiye niliyeyazima. Wewe unasemaje?" Kisha kaa chini, mwache mwenye mali ajibu.