Simu Uliyomletea Mwaringa

Marafa

Shemeji Kenga,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mvua imenyesha vizuri, yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, na paa la jikoni sasa halivuji.

Simu uliyomletea kaka yako Mwaringa tunayo. Ulisema lile jarida lake la injini kuukuu halichapishwi tena, wapenzi wa injini siku hizi huonyeshana injini zao kwa video. Ni kweli. Hata wenzake wa Mambrui na Muyeye, waliokuwa wakija Jumamosi kulipekua pamoja naye, wamehamia huko kwenye simu. Hapa hawaji tena.

Lakini shemeji, ulisahau kwamba mashine ya kusaga ilimtia uziwi zamani? Jarida lilikuwa na michoro, na mchoro hautaki masikio. Hizo video ni maneno tu, naye hayasikii.

Unajua anavyoipima injini: ncha moja ya kijiti huiweka kwenye chuma, ya pili huiuma kwa meno, mtetemo umwingie mfupani. Juzi nilimkuta ameweka kijiti kile juu ya simu, injini inanguruma kwenye video, naye amefumba macho. Alisikiliza sana. Kisha akanipa simu, akasema, "Hii imekufa, Dama."

Tangu hapo amelala kaelekea ukutani, hata uji haumpiti kooni. Leo asubuhi nimemkuta amejiwekea kijiti kifuani, ameuma ncha ya pili. Nimeogopa kumuuliza amesikia nini.

Usitume kitu. Njoo.

Shemeji yako,
Dama