Vigae vya Biblia Nilivyoviosha Mbuya

Alhamisi. Mvua imenyesha asubuhi yote, kisha jua likatoka kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Mgongo unauma. Nimekaa kitandani hapa Kinawataka, simu mkononi, naandika kabla giza halijaingia kwa sababu leo nimesema neno kazini na bado linanizunguka kichwani.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa vigae. Kwetu ni Kasulu, Kigoma. Shule niliishia darasa la tano. Huu ni mwaka wangu wa nne Kampala, na sijarudi nyumbani hata mara moja.

Wiki hii tuko kwenye nyumba kuukuu juu ya mlima wa Mbuya. Aliijenga Mwingereza enzi za ukoloni, baadaye ikawa ya afisa mmoja wa jeshi, mtu wa Kitgum. Afisa alishafariki. Amebaki mjane wake. Tunamwita Mama. Anatembea na fimbo, na Kiswahili chake ni cha kambini, kifupi kama amri.

Sebuleni kuna meko kubwa ya ukutani, ya kuotea moto. Imezungukwa na vigae thelathini vya udongo wa kuchoma, kila kimoja sawa na kiganja kilichofunguliwa: kumi kushoto, kumi kulia, kumi juu. Vya pembeni vinaanzia juu kidogo ya goti na kupanda hadi kumpita mtu mrefu. Ukuta ulikuwa umepasuka kwa unyevu, kwa hiyo ilibidi tuvibandue, tupige lipu upya, kisha tuvirudishe. Mama aliomba kitu kimoja tu kabla ya kwenda kukaa kwa binti yake Ntinda mpaka kazi iishe. Kila kigae kirudi mahali pake.

Vilikuwa vyeusi tititi kwa moshi wa miaka mingi. Msimamizi wetu alivipiga picha kwa simu, lakini ukiitazama unaona miraba myeusi tu. (Huyu msimamizi tunamwita Ssalongo, ndivyo wanavyomwita hapa baba wa mapacha.) Basi Jumatatu mimi nilibandua kwa tindo, taratibu, na mwenzangu Ramathan akawa anaandika namba nyuma ya kila kimoja. Ramathan ni Mnubi wa Bombo, babu zake walikuwa askari. Aliandika kwa chaki.

Jumanne nikaviloweka.

Sikufikiri. Fundi aliyenifundisha alikuwa akisema kigae cha udongo lazima kinywe maji kabla ya kupanda ukutani, la sivyo kitainyonya saruji maji yake na kudondoka. Nimefanya hivyo miaka yote, mikono inakwenda yenyewe. Nikajaza beseni, nikatia sabuni, nikasugua. Masizi yakaanza kutoka. Nikaona bluu juu ya nyeupe. Nikaona mtu anatoka mdomoni mwa samaki.

Nilimwita Ramathan, tukachuchumaa pale tukitoa kimoja baada ya kingine. Safina. Samsoni na simba. Ngazi ya Yakobo. Danieli shimoni. Wazungu wa zamani walichora hadithi za Biblia kwenye vigae ili waote moto wakizitazama, na sisi tulikuwa tumevigonga siku nzima bila kujua tunamgonga nani. Tulifurahi sana, mpaka Ramathan alipogeuza kimoja atafute namba.

Hakukuwa na namba hata moja.

Ssalongo hakupiga kelele. Alisema tuvipange kwa kufuata Biblia, macho ya huyu mama yamechoka, hatajua, na mtu asifungue mdomo. Nilikubali. Naandika hapa wazi: nilikubali upesi.

Na jana, kusema kweli, niliifurahia ile kazi. Watu hunicheka kwa shule yangu, lakini hizi hadithi nazijua, nilikaa kwa katekista kila Jumamosi nikiwa mdogo. Ramathan naye anawajua manabii. Tulibishana muda mrefu kama Yona alikuja kabla ya Danieli. Akaniambia, "Mkatoliki mzima unafundishwa Biblia na Mwislamu wa Bombo." Nikamjibu kwamba Mwislamu wa Bombo ndiye aliyekuja na chaki. Jioni vyote vilikuwa vimelazwa sakafuni mbele ya meko, Adamu na Hawa chini kushoto, kisha kupanda, kuvuka na kushuka mpaka msalaba chini kulia. Nilijiona nimepanga vizuri kuliko yule Mwingereza.

Leo mvua ilipokatika Mama akatokea, hatukumtarajia. Alisimama akaangalia. Akasifu jinsi vinavyong'aa. Kisha akapeleka ncha ya fimbo kwenye kigae cha chini kabisa upande wa kushoto.

"Hapa ilikuwa samaki," akasema. "Huyu Adamu ametoka wapi?"

Ssalongo akamwambia kwa upole kabisa kwamba samaki hakuwahi kuwa hapo. Vilikuwa vimejaa masizi, Mama, usingeweza kuviona. Tumevipanga kama vilivyokuwa.

Mama akatikisa kichwa, akaeleza. Watoto wake sita walipimwa urefu kwa vigae vile, miaka ambayo masizi yalikuwa hayajavifunika. Kila Krismasi mume wake aliwasimamisha kando ya meko, mgongo ukutani, kama kuruta. Mtoto akifika kwa samaki, amesimama mwenyewe. Akifika kwa Samsoni, anapelekwa shule. Mkubwa wao alikua mpaka akagusa ngazi ya Yakobo, kigae cha juu kabisa, akaingia jeshini kama baba yake, akaenda vitani kaskazini, hakurudi. Ukimuuliza Mama kijana wake alikuwa na urefu gani, anakuonyesha kigae.

Ssalongo akarudia maneno yake, kwa upole uleule.

Hapo ndipo nilipomwona Mama akibadilika. Macho yalitoka kwenye vigae yakaenda dirishani.

"Labda ni mimi," akasema. "Binti yangu anasema kichwa yangu imeanza kupotea. Anataka nifunge hii nyumba."

Ramathan alikuwa anaangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa nafikiria kazi, maana hapa sina ndugu, nina Ssalongo tu anayenipigia simu. Halafu nikamfikiria binti yangu Kasulu, ambaye sijui sasa ananifikia wapi, kiunoni au kifuani. Mama huyu alikuwa anajua kwa hakika, na sisi tulikuwa tunamnyang'anya.

"Mama, hujasahau," nikasema. "Namba zilikuwa nyuma, mimi nikaziosha. Hapa tumebahatisha tu."

Ssalongo alinitolea macho. Mama hakumtazama, alinigeukia mimi.

"Wewe Mutanzania, kwenu munaosha kila kitu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe, baba ya mapacha. Ulikuwa unataka nirudi Ntinda na hiyo uongo?"

Mama akaagiza kiti. Akakaa, akaweka fimbo mapajani, akaanza kutuamrisha. Samaki chini. Ngazi juu. Samsoni wa tano, hapana, usipindishe, wa tano. Ramathan akawa anaitikia "ndiyo, afande" kwa kila kigae, na mara ya tatu Mama akacheka. Kila kimoja alikiweka na jina la mtoto na alichokuwa amevunja mwaka huo.

Nafasi nane alizijua. Mbili zikamshinda. Alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akarudi kwa samaki akapanda tena. Nilimwambia hakuna shida.

"Hizi mbili nimesahau kweli," akasema. "Hii kusahau sasa ni yangu, siyo yenu."

Aliisema kama mtu aliyerudishiwa kitu. Halafu akatuambia hizo nafasi mbili tujaze tunavyoona, na upande wa kulia na juu pia, kule hakusimamishwa mtu.

Getini Ssalongo aliniambia nyumba hii ikiisha nisingojee tena simu yake. Ramathan tulishuka naye mlima. Aliniita mjinga, kisha akanikatia nusu ya chapati yake.

Sijisifu. Kama Mama angekasirika tu, akatutukana, ningekaa kimya na kesho vigae vingepanda na uongo wetu. Nilisema kwa sababu alianza kujilaumu yeye. Hilo linanisumbua kuliko Ssalongo. Ni kazi ngapi mbovu nimewaachia watu Kampala hii, wakadhani kosa ni lao?

Lipu itakuwa imekauka asubuhi. Kesho bado ni Mbuya. Baada ya hapo sijui.