Alama Tisa za Kupika

Chimala, Jumapili

Mwanangu Ezron,

Huko Mgololo baridi imepungua? Huku mpunga umeshavunwa. Usicheke mwandiko, ni wa mkono wa kushoto.

Faustina, yule binti wa hospitali anayenifundisha upya kazi za nyumbani tangu nilipopooza, alikuja tena na karatasi yake ya maswali. Mwezi wa tatu kwenye kupika nilijipa alama mbili. Safari hii nimepika wali mbele yake, nikajipa tisa kati ya kumi. Akapiga makofi.

Halafu akauliza, "Na unavyoridhika, mama, ngapi?"

Nikasema mbili. Akadhani sijaelewa swali.

Nililielewa, baba. Bado napika wali wa watu wawili, na sahani yako nairudisha kabatini ikiwa safi.

Mama yako,
Sabina