Kalekye, Rangi Zangu Ulizipeleka Wapi

Mpendwa Kalekye, rafiki yangu wa kalamu,

Mahali hapa ndipo huwa nakuuliza kama u mzima wa afya, kisha nachora kajogoo pembeni kanakowika salamu. Leo siulizi wala sichori. Juma lililopita nilisimama uani kwako Kivaa, karibu kabisa na kigoda chako, nimevaa gauni jekundu la harusi, nikakupungia mkono mpaka bega likauma, na wewe ukaendelea kuchagua ndengu kwenye ungo. Hapo nikajua. Nimekuwa na hasira tangu siku hiyo, na sina mpango wa kutulia kabla sijamaliza kuandika.

Barua hii si ya siri. Nimeiandika wazi makusudi, kwa sababu si wewe utakayeisoma. Atakayeisoma ni Mwikali, mke wa mwanao, kwa sauti, pale mlangoni pa jikoni, na majirani wakipita kwenda kisimani watasikia. Wasikie. Na Mwikali asome yote, asiruke penye makali akidhani anamlinda mama mkwe wake. Amekulinda vya kutosha.

Wewe ndiye uliyenifundisha barua ni kitu gani. Nilikuwa kidato cha pili, binamu yangu Ndinda akarudi likizo akaniambia kuna msichana darasani kwao anayepamba barua hadi matroni anaziiba. Nikakuandikia, karatasi tupu ya daftari, kwa biro ya bluu, kama mtu anayeomba kazi. Jibu lako lilifika tukiwa darasani. Nilipolifungua, poda uliyoinyunyiza ndani ili inukie ikamwagika dawati zima, na msichana niliyekaa naye akapiga chafya hadi akatolewa nje. Bahasha ilikuwa na maua kila ukingo, na nyuma uliandika, "Postamasta, tembea haraka, kuna roho ya mtu inangoja." Ndani kulikuwa na kifungo cha sweta ya shule, chenye ukingo uliomeguka. "Sina zawadi ingine, chukua hiki," ulisema. Baadaye Ndinda aliniambia ulimaliza muhula ukiwa umefunga sweta kwa pini, na matroni akakuoshesha bweni kwa sababu yake. Mtu asiyenijua alinipa kifungo kilichokuwa kinamkinga baridi. Nani asingempenda?

Na kanuni ilikuwa yako, usisahau. Ulisema bwenini kwenu barua mbaya ikifika kila mtu analia, hata wasiohusika, kwa hiyo sisi barua zetu ziwe za raha peke yake. Shida zitafutiwe njia nyingine. Nilikubali. Tulikuwa wasichana, na shida zetu zilikuwa hesabu na chakula cha shule.

Tukakua, ukaolewa Kivaa, mimi nikaolewa Tala nikafungua kibanda changu cha mitumba. Tulionana kwenye harusi yako na kwenye harusi yangu, basi. Kila mtu alidhani barua zitaisha. Zikanenepa. Mtumba mpya ukifunguliwa sokoni, wenzangu wanakimbilia suruali za jinzi, na mimi naangalia blauzi iliyoraruka kama ina lesi ya kuokoa. Lebo za nchi nisizojua, vifungo vya kioo, utepe wa kofia ya mtoto, vyote vilienda kwako. Wewe ukanitumia manyoya ya kanga wa porini, mbegu za mbaazi ulizozipanga zikawa kuku na vifaranga, mchanga wa mtoni ulioubandika kwa gundi ukawa barabara ya kwenu. Kijana wa posta alikuwa ananiambia, "Mama, si utume tu WhatsApp? Hii bahasha inakwama kwa mashine." Nami namjibu aipitishe kwa mkono basi, mkono hauna mashine. Siku ambayo bahasha yako imefika nilikuwa nauza nikiimba, na wateja walijua wakiomba kupunguziwa bei siku hiyo nitakubali.

Baba alipofariki, sikukuandikia. Nilifuata kanuni yako. Nilikupigia simu asubuhi ile ile, nikalia, na wewe ukanyamaza nami kwenye simu mpaka salio likaisha. Kwa hiyo usiniambie hukujua njia ya shida ni ipi. Njia hiyo uliijua, na namba yangu unayo, na haijabadilika.

Sasa tuje kwenye juma lililopita. Mpwa wangu alikuwa anaoa upande wa Masinga. Sherehe ilipokwisha nikasema, Kivaa si hapa tu, wacha nimshtue Kalekye. Nikachukua boda boda, keki ya harusi nimeishika mapajani kwenye karatasi ya foili, nikicheka peke yangu njia nzima. Nilipanga nikuone ukiruka kutoka kwenye kigoda. Badala yake uligeuza sikio.

"Mwikali, ni nani amesimama hapo?"

Mwikali akatoka jikoni na mwiko, akaniona, akajifunika mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Ni Mbithe."

Ukaweka ungo chini polepole. "Mbithe wa Tala? Aiya. Na hukusema unakuja."

"Ningesema ungefanya nini, ungejificha?"

"Ni presha ya macho," ukasema. "Ilianza kidogo kidogo, nikafikiri ni moshi ya jikoni. Daktari akasema tumechelewa. Sasa naona mwangaza tu, kama mtu amefunga pazia."

"Na barua? Nani anachora hizo barua ziko kwangu?"

Mwikali ndiye aliyejibu, macho yake kwenye mwiko. "Ni mimi, mwaitu, mama. Ananiambia kila rangi mahali inaenda, nami naweka. Na zako nikipata nazisoma, namwambia vile zimepambwa. Alikataa nikupigie."

Kumbe. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba maua yako siku hizi yamekaa sawasawa, hayatoki nje ya mstari, nikasema moyoni, Kalekye ametulia, uzee umemfunza adabu. Kumbe nilikuwa namsifu Mwikali.

"Si tulikubaliana shida isiingie kwa barua?" ukaniambia, bila hata haya.

"Na simu?"

"Ningekupigia ungeacha kunipambia barua. Ungeanza kuniandikia pole, pole, kila mwezi pole. Barua ya kuhurumiwa mimi sitaki."

Hapo ndipo ulipoiwasha hasira hii, Kalekye. Bado inawaka. Nani alikupa ruhusa ya kunijibia swali ambalo hujaniuliza? Umenijua tangu nikiwa na chunusi, halafu ukaamua peke yako kwamba nikisikia umepoteza macho nitakuwa mtu wa pole. Ukanikalia kimya. Ukaniacha nichague kati ya kijani cha majani ya mahindi na kijani cha majani ya ndizi, nikisimama juani nje ya kibanda ili nione vizuri, nikiwaacha wateja wakingoja, ili rangi iwe ile ile utakayoipenda. Rangi hizo ulizipeleka wapi? Mwikali alikuambia, "Hapa ameweka kijani." Basi. Kijani.

Kisha ukaniingiza sebuleni. Ulitembea mbele yangu bila kugusa ukuta, na hilo pia lilinikasirisha, jinsi ulivyozoea mambo ambayo mimi hata sikujua yameanza. Bahasha zangu zote ulikuwa umezitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ukuta hadi ukuta. Ukaanza kuzipapasa moja moja, na uso wako ukawa ule wa harusi yako.

"Hii ni ya Krismasi, iko na lesi," ukasema. "Hii ni ile ulishonea zipu, ata inafunguka. Hii iko na kile kifungo ya kioo, baridi sana. Hii ni ya wakati mtoto wako alimaliza shule, uliweka utepe."

Hukukosea hata moja. Nilikuwa nafuata mkono wako, hasira ikianza kulegea kidogo, mpaka ukafika kwenye bahasha ya mlima. Ile niliyokuchorea Kilimambogo jinsi unavyoonekana kutoka Tala jua likizama, rangi ya maji peke yake, kazi niliyoirudia mpaka karatasi zikaniishia. Ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kidole chako kikapita juu yake kama kinapita juu ya meza.

"Hii sijui ni gani," ukasema. "Hii haina kitu."

Sikukwambia. Nakwambia leo. Hiyo ndiyo Kilimambogo yangu, na ndiyo inayoniuma kuliko uongo wote. Kwa sababu ungenipigia simu mara moja tu, Kalekye, simu ya dakika mbili, ningekushonea mlima. Vidole vyako vilikuwa vinasoma muda wote huo na mimi nilikuwa nakuletea rangi ya maji. Mtumba wote wa Tala uko mbele yangu kila Jumanne na Ijumaa, manyoya, mahameli, nyuzi, zipu, na hukuona nafaa kuambiwa.

Na kama hayo hayatoshi, ulipomaliza ukuta wako ukasema, kwa sauti ya mtu anayefunga duka, "Sasa umejua. Tuachie hapo, Mbithe. Utamaliza rangi yako bure."

Nilikunywa chai yako nikiwa nimenuna. Nilikula kipande cha ile keki ya harusi, nikakiona kichungu, na keki haikuwa na makosa. Nikapanda boda boda bila kukuaga vizuri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikunja nguo kibandani kwa nguvu mpaka jirani yangu anayeuza viatu akaniuliza ni nani aliyenikosea. Nikamwambia ni mtu wa Kivaa. Akasema nimwachie Mungu. Sijamwachia.

Tuachie hapo, unasema. Wewe ulinipa kifungo cha sweta yako kabla hujaujua uso wangu, na sasa unataka kuninyima barua kwa sababu huuoni uso wangu. Ulikuwa huuoni hata wakati ule. Hatukuwahi kuwa watu wa kutazamana, Kalekye. Tungetaka kutazamana tungepanda gari.

Kwa hiyo sikiliza. Kanuni yako nimeivunja. Nimejaza shida ukurasa kwa ukurasa na karatasi haijachanika. Kuanzia leo shida zinaingia kwenye barua, zangu na zako, na raha zinaingia pia, zikae pamoja kama zinavyokaa nyumbani kwa watu wengine. Macho yakikuuma, andika. Mwanao akikukera, andika. Nikikuandikia pole hata mara moja bila utani ndani yake, choma hiyo barua upikie ndengu.

Sasa Mwikali aweke chini karatasi hizi kidogo, achukue kile kitambaa kilichokunjwa ndani ya bahasha, akuwekee mkononi, kisha aendelee kusoma polepole. Anza na ukingo. Ukingo wote ni zipu, kwa hiyo ukipotea rudi hapo. Upande wa kushoto kuna sufi ya sweta ya mtoto. Hiyo ni kondoo, na ukiona haifanani na kondoo ujue nilikuwa na hasira nikishona. Katikati kuna kitambaa cha kodrai kilichopandishwa juu kwa pamba. Panda nacho polepole kwa kidole. Hicho ndicho Kilimambogo. Lesi iliyo kileleni ni mawingu. Chini ya mlima kuna kifungo cha mraba, hiyo ni nyumba yangu, na mkanda mrefu wa mahameli unaotoka mlangoni ni barabara inayokuja kwenu. Nimekitengeneza kwa hasira tupu, na sitakuficha, nilipofika kwenye lesi nilikuwa naimba.

Poda nimemwaga yote. Mwikali akipiga chafya atanisamehe.

Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, kuna kifungo kimeshonwa peke yake kwa uzi mzito. Kipapase vizuri. Ukingo umemeguka. Unakijua. Nimekaa nacho tangu siku ile poda ilipomwagika dawatini, na sikupi, nakuazima tu. Nakitaka hapa Tala kikiwa kimeshonwa na mkono wako mwenyewe, juu ya chochote ulicho nacho, gunia, leso, ngozi ya mbuzi. Kikae upande, uzi ujifunge mafundo, sijali. Mwikali akutungie uzi kwenye sindano, lakini mishono iwe yako. Ikija imenyooka nitajua si wewe, na nitairudisha.

Kwa leo naishia hapa, na bado nimenuna.

Ni mimi, rafiki yako wa kalamu, ninayetaka kifungo changu,

Mbithe