Kadi Yenye Chapa ya Ngamia Wetu

Yusuf, mjukuu wangu,

Ni mimi, Ayeeyo wako, bibi yako. Anayeandika ni dresa, yule mhudumu wa zahanati, maana mkono wangu unajua fimbo na kamba tu. Nimemwambia asinirembeshee maneno.

Sanduku lako la kadi ninalo. Ulikuja nalo kutoka chuoni Nairobi, ukasema mwalimu wenu hataki somo la kutunza habari liishie darasani, kila mmoja akawatumikie watu wake. Ukaanza kumwandikia kadi kila mgonjwa wa kifua humu ndani ya seng'enge tulimofungiwa na askari tangu vita vianze, ili dawa zisimpite mtu. Watu wakaogopa, wakidhani ni orodha ya askari. Ndipo ukaandika kwanza kadi yako mwenyewe, kisha yangu, waone hazina hila.

Ukazipanga kwa herufi. Nusu ya kijiji ni Mohamed na Abdi. Ukapekua mpaka adhuhuri, wagonjwa wanakohoa juani. Nikakuambia, "Mjinga wa Nairobi wewe, ngamia tunawajua kwa chapa. Chora chapa." Ulicheka ukakaa chini. Ukachora chapa ya kila ukoo pembeni mwa kadi, na mimi nisiyejua alifu wala be nikawa karani wako.

"Ayeeyo, mwalimu lazima aione hii," ukasema, ukapanda lori. Lori likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Tulikuzika kabla ya alasiri. Sikuruhusiwa kukufunua uso.

Mvua imenyesha mara moja tangu hapo. Ngamia wetu wamebaki watatu. Halima jirani amepona kifua, anakuombea kila swala.

Ulituwekea sheria: aliyekufa, kadi yake iende nyuma kabisa humo sandukuni. Wengine nimewahamisha. Yako niliiacha mbele. Kila asubuhi dresa akiifikia hunitazama, huiruka. Jana alisahau, akaliita jina lako. Mtoto wa Halima akageuka kutazama langoni.

Na mimi niligeuka, Yusuf. Mzee mzima, niliyekuosha ukiwa mchanga. Nikangoja.

Leo nimeihamisha. Kwa mkono wangu, hakuna aliyenisaidia. Karatasi tu, na ilikuwa nzito kama...

Basi. Mungu akupanulie kaburi. Sanduku halitanyeshewa, wala halitaguswa na mwenye bunduki nikiwa hai. Nawafundisha wasichana wawili zile chapa. Kadi yangu nimewaonyesha, na nimewaambia siku yangu ikifika waiweke ubavuni mwa yako, isikae mbali.

Ayeeyo wako.