Jina la Mwenzangu wa Chumba

Mama,

Nimechaguliwa kwenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, lakini kondakta wa basi la Nyakanazi amekutangulia; ndiye aliyeniletea bahasha, na kwa jinsi alivyokuwa akicheka, alishaifungua. Ndani mna fomu ya bweni. Wanataka nichague bweni moja kati ya matatu, halafu chini kuna mstari: jina la mtu unayependa kulala naye chumba kimoja. Nimekaa na mstari huo siku nne. Shangazi anadhani naogopa joto la Dar.

Woga sina, Mama. Nina hasira.

Unamkumbuka Adela, binti wa mwenyekiti wa kijiji. Naye amechaguliwa, chuo hicho hicho. Na baba yake ndiye aliyekuandika. Ilipotoka amri kwamba Warundi wote wanaoishi nje ya kambi za wakimbizi wakusanywe, akatengeneza orodha, na akaanza na wewe. Wewe uliyevuka mpaka ukiwa msichana mdogo, ukaolewa na Baba kanisani, ukamzika Baba hapa hapa! Majirani wanasema ulipakiwa kwenye lori ukiwa bado na unga mikononi. Mimi nilikuwa shuleni. Nilipofika kambini kule Ngara na cheti chako cha ndoa mfukoni, walinionyesha tuta la udongo. Kuharisha, walisema, siku tatu tu. Hakuna aliyetaka kukisoma hicho cheti.

Shamba lako la migomba usiulize. Mwenyekiti analitunza, ndivyo anavyosema.

Basi Jumapili baada ya misa akaja. Sikumwamkia. Mzee mzima kasimama uani akingoja shikamoo, nami nachambua maharage, mpaka ikabidi aanze yeye: "Habari za hapa, binti yangu?" Binti yake! Mkononi ana kibuyu cha rubisi kimezibwa kwa jani, kama anavyokuja mtu mwenye ombi. Unajua mwenyewe, mwenye nyumba akionja, amekubali. Na ndizi alizitoa wapi? Ndizi zako hizo, Mama. Amekuja kuniomba kwa pombe ya ndizi zako.

Ombi lake ni hili. Adela bado anaanguka. Kule shuleni akishikwa na kifafa wenzetu walikimbilia nje, wakiogopa povu. Mimi tu sikukimbia, na ni kwa sababu yako. Siku ile alipoanguka kando ya kisima, tukiwa wadogo, ulimshika ukaniambia, "Aliyeanguka hakimbiwi. Mgeuze ubavu, umngoje." Nikamgeuza na kumngoja miaka yote ya shule, na baba yake alijua. Sasa anamwona mtoto wake Dar, ghorofani, chumba kimoja na mtu asiyemjua.

"Andika jina lake," akasema. "Ukikataa wewe, nitamkabidhi kwa nani?"

Nisamehe, Mama, lakini nilifurahi. Nilifurahi kumwona akiniomba, nikaendelea kuchambua maharage.

Adela hana kosa. Najua, usiniseme. Nilimwuliza baba yake swali moja: siku alipoandika jina la mama yangu, mkono wake ulikuwa mzito au mwepesi? Akatazama chini, akasema ilikuwa amri. Kibuyu sikukigusa. Kikakaa kati yetu mpaka akakiinua mwenyewe, akaondoka nacho, majirani wakimtazama.

Leo nimejaza fomu. Bweni nimechagua la kwanza, wala sikuangalia lina nini. Na kwenye ule mstari nimeandika Adela, kwa herufi kubwa. Usidhani nimesamehe. Sijasamehe, na padri akiniuliza nitamwambia hivyo hivyo. Wewe ulikuwa ukisema malipo ni hapa hapa duniani. Mimi nimeona nisiyaache yajilete yenyewe. Nataka yule mzee aamke kila asubuhi, miaka mitatu mizima, akijua uhai wa mwanawe uko mikononi mwa mtoto wako, na asijue mikono hiyo itafanya nini. Akiniandikia barua sitajibu. Nikirudi likizo, shikamoo hapati. Aonje kidogo jinsi mtu anavyokaa akisubiri huruma ya mwenzake.

Pumzika sasa, Mama. Kesho Shangazi ataipeleka fomu posta, nami nitaanza kufunga mzigo. Nikimaliza masomo nitalidai shamba lako, hilo nakuahidi. Na jingine nakuahidi wewe peke yako: Adela akianguka, nitamgeuza ubavu, nitamngoja hadi afumbue macho. Lakini baba yake hatalisikia hilo kutoka kwangu mpaka anaingia kaburini.

Mwanao,
Odilia