Siku Shangazi Aliposoma "Fusuria" Kanisani

Jumapili, Hamugembe. Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa jioni haijakata. Hasira zangu nazo hazijakata tangu misa ya pili.

Leo wamemcheka shangazi yangu kanisani.

Ma Adventina, dada yake baba, alijifunza kusoma akiwa tayari ana wajukuu. Hivi karibuni alijiandikisha kuwa msomaji wa matangazo kama mimi, na leo ilikuwa zamu yake ya kwanza. Wiki nzima ameisoma ile karatasi jikoni kwake huku akimenya ndizi, nami nikimsikiliza. Leo alivaa kitenge kipya.

Alianza vizuri. Ndoa zinazotangazwa, majina ya wagonjwa, yote sawasawa. Alipofika kwenye sherehe ya mavuno, akasoma kwamba "tariba" imebandikwa mlangoni, na kila jumuiya ilete "fusuria" mbili kubwa. Mtu mmoja wa kwaya akacheka, wachache wakamfuata. Shangazi akadhani hawakumsikia, akarudia kwa sauti zaidi: fusuria. Hapo kanisa zima likacheka.

Deo, kiongozi wa wasomaji, kijana aliyemaliza chuo juzi tu, akapanda mbele, akaichomoa karatasi mkononi mwake na kumwonyesha benchi kwa kidole. Akamalizia kusoma mwenyewe.

Mama mzima, ananyang'anywa karatasi kama mtoto aliyeokota kisu.

Shangazi alitoka kabla ya baraka. Baada ya misa nilimkuta Deo kibarazani, watu wakisubiri mvua ipungue. Nikamuuliza kwa nini amemdhalilisha.

"Mwalimu, wewe ndiye unayefundisha Kiswahili," akanijibu. "Unataka watu waseme fusuria mbele ya altare?"

Sista Lorna alikuwa amesimama karibu yetu. Ni nesi, Mfilipino wa Cebu. Anatibu wavuvi kwenye visiwa vya Muleba, na akija mjini kuchukua dawa husali kwetu. Aliongea taratibu, Kiswahili chake cha kujifunza ukubwani.

"Kwetu kunywa ni inom. Tukitaka kusema kitu cha kunywa tunaongeza -on, ile o ya katikati inaanguka. Ingekuwa inmon. Lakini tunasema imnon. N na m zimepishana. Kupanda mche ni tanom, na mahali pa kupanda ni tamnan. Padri anasema hivyo, profesa anasema hivyo. Mimi nikisema tanman, ndipo watanicheka."

Deo akasema hiyo ni lugha ya kwao Cebu, hapa tunaongea Kiswahili.

"Ndiyo," akasema Sista. "Na mama ameeleweka. Masufuria yataletwa."

Deo akafungua mwavuli wake, akaondoka.

Njiani nilijisemea maneno yote ambayo ningemwambia. Kwamba ulimi wa mtu yeyote unaweza kupishanisha sauti mbili. Kwamba huko Cebu kupishana huko ndiyo sarufi yenyewe, hapa ni kichekesho. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri.

Halafu nikakumbuka kalamu yangu nyekundu.

Nimewahi kusoma makosa kama hayo kwa sauti darasani, makusudi, ili wengine wacheke. Zaidi ya mara moja. Niliita huko kufundisha.

Nilimkuta Shangazi ameshavua kitenge, anamenya ndizi za mchana. Nikaanza kumweleza habari za Sista, imnon na tamnan, nikidhani zitamfariji. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Na wewe ulicheka?"

Nilikuwa benchi la pili. Aliniona.

"Nilicheka, Shangazi. Mara ya kwanza."

Akaniachia nafasi kwenye mkeka na kunisogezea kisu kingine. Tukamenya mpaka ndizi zikaisha. Alipoinuka kuwasha moto akasema hasomi tena, na nisije nikamwombea kwa mtu.

Sikumtii. Saa kumi nimempigia Deo simu, nikamwambia alifute jina langu kwenye orodha ya wasomaji mpaka atakapokwenda mwenyewe nyumbani kwa Ma Adventina kumwomba radhi. Amesema atafikiria. Na afikirie.

Hata akienda, sijui kama Shangazi atakubali kurudi pale mbele. Mimi ningekuwa yeye, nisingerudi. Na wale wanafunzi wangu niliowafanya wachekwe na wenzao, je, ni wangapi waliacha kunyoosha mkono?